Weusi wa Fedha

Shakuru alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, akihangaika na skrubu za kibao cha marehemu kaka yake, pale mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua Buyenzi alipokuja na beseni kichwani akasimama chini yake kabisa, kana kwamba ngazi ile ilisimikwa kumpokea yeye.

"Leo hatununue ndagala, mama," Shakuru alisema bila kugeuka.

"Na mi siuzishe samaki, muzee. Niko natafuta Fundi Radjabu."

Bisibisi ikatulia. Ndani ya karakana, Fadhila alikuwa akijaza mabaki ya nyaya kwenye gunia kwa amri ya baba yake mdogo huyo huyo. Aliliacha gunia akatoka mlangoni. Alipoinua mkono kujikinga na jua, bangili zake mbili za fedha ziligongana, na mgeni akageukia ule mlio kabla hajamwona mtu.

"Baba alitutoka, mama," Fadhila alisema. "Mbele ya mvua kuanza. Mi ni binti yake. Karibu ndani."

Mgeni alishusha beseni akalikumbatia kifuani. Lilikuwa limefunikwa kitenge na kufungwa vizuri kama chakula cha mgonjwa. "Pole sana, mutoto yangu. Mungu amupumuzishe." Akatazama kibao kilichoning'inia upande. "Sasa hii moyo mi nitampelekea nani?"

"Moyo gani?"

Alifunua kitenge. Ndani mlikuwa na kontakteri kubwa kama tofali, ile swichi inayokaa kati ya umeme na mota: ukibonyeza kitufe, sumaku yake huvuta, vipande vya metali hukutana, umeme ukapita. Hii ilikuwa imeungua ubavu. Ilinuka moshi na unga wa muhogo.

Mgeni aliitwa Mwavita. Alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Uvira, miaka ile watu walipovuka na magodoro kichwani, na sasa yeye na wanawake wenzake walikuwa na mashini ya kusaga pale sokoni Ruziba. Kabla ya hapo Ruziba nzima ilisaga kwa Darius.

"Na kwa Darius, sisi ba Congo tunasaga nyuma ya bote," alisema. "Unaweza kufika jogoo haijawika, utamuona mwenye amefika saa sita anapita mbele yako. Ukisema neno, anakuuliza, 'Kwenu hakuna mashini?' Ndo tukasema basi, tuwe na yetu."

Mashini ilikuwa imenyamaza tangu Jumapili. Jumatatu Darius alikwisha onekana akinywa soda na mkubwa wa soko, na jioni yake neno likatoka: kibanda cha soko ni cha kazi, si cha kulaza mashini mbovu. Jumamosi asubuhi, kengele ya soko ikigongwa na mashini haiungurumi, Darius anaweka kufuli yake. Kontakteri mpya madukani haikuwepo. Mafuta yalikuwa yameadimika, malori yalikuwa yamelala, na kila muuzaji alijibu "ngojeni" kama vile ni jina la bidhaa.

Fadhila alikaa chini, akafungua skrubu, akaondoa kifuniko cha mbele. Ndani mlikuwa na njia tatu za umeme, na kila njia ilipaswa kuwa na vidonge vinne vidogo vya metali, viwili vinavyokaa na viwili vinavyosogea. Aligusa kimoja kwa ukucha. Palipotakiwa kuwa na uvimbe wa fedha palikuwa na bonde, na chini ya bonde shaba nyekundu iliyoungua ikawa kama ganda la mkate.

"Mama, nani alikuwa akisafisha hapa?"

"Mi mwenyewe!" Mwavita aliketi wima. "Kila Jumamosi. Ilikuwa inakuwa nyeusi, tii, kama sufuria ya makaa. Nilichukua papiyeveri nikasugua mpaka inang'aa. Hata fundi mwenye aliifunga alisema hajaona mashini safi kama yetu."

Fadhila aliweka kifuniko magotini. Alimtazama mwanamke huyu aliyevuka ziwa na vita na foleni za Darius, na aliyeupenda ule mtambo kiasi cha kuusugua kwa msasa kila wiki kama mama anavyosugua visigino vya mtoto siku ya sikukuu. Alitamani kusema ni bahati mbaya tu. Lakini baba yake alikuwa akisema kwamba fundi anayemwonea mteja aibu humwibia mara mbili.

"Mama, ule weusi haukuwa uchafu," alisema polepole. "Hivi vidonge vilikuwa fedha. Shaba ikiwa nyeusi, ule weusi unazuia umeme, inapata joto, inaungua. Alumini ni mbaya zaidi: inavaa ngozi usiyoiona hata, na ngozi hiyo haipitishi kitu. Fedha si hivyo. Fedha ikiwa nyeusi bado inapitisha. Ukiisugua, hautoi uchafu. Unatoa fedha yenyewe."

Mwavita aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo ni mi niliyemuua."

"Umemchosha tu. Hajafa."

Kutoka kwenye ngazi kicheko kilishuka. "Mwalimu ameanza! Fadhila, mwambie mama wa watu ukweli. Fundi alikuwa baba yako. We una diploma. Diploma haisage muhogo."

"Na bisibisi haifundishe mtu adabu, baba mudogo."

Mwavita aliziba mdomo kwa kitenge, asicheke. Shakuru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu fupi: kaka amekufa, karakana haina wateja, kijana mmoja anataka chumba auze kava za simu kuanzia Jumatatu. Binti wa kaka yake, aliyekataa kazi ya kujibu simu ofisini ili akae katika harufu ya vanishi, hakuingia popote katika hesabu hiyo.

"Jumamosi," Fadhila alimwambia mgeni, na alisema kwa sauti ya kufika juu ya ngazi. "Kabla ya kengele. Beseni lako litakuwa mlangoni kwako na mashini itakuwa inaunguruma. Na sitaweka metali ya uongo hata kidonge kimoja."

"Mutoto, usiahidi kitu mbele ya Mungu kama haiko mukononi."

"Niachie beseni, mama."

Mwavita alimwachia, na kitenge juu yake. Akaenda bila kugeuka nyuma, kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka ahadi itafutika.

*

Ukutani mwa karakana palikuwa na ubao wa marehemu. Fundi Radjabu alipigilia misumari juu yake kwa mstari, na kwenye kila msumari akaning'iniza waya, kila metali mahali pake kwa jinsi inavyopitisha umeme: fedha, shaba, dhahabu, alumini, halafu chini kabisa chuma na risasi. Msumari wa fedha ulikuwa mtupu, na wa dhahabu pia. "Ule wa dhahabu utaujaza ukiolewa Kinanira kwa matajiri," alikuwa akimtania Fadhila alipokuwa mdogo.

"Na huo mpango wenyewe umekosewa," Shakuru alisema, sasa ameshuka, anakunywa chai ya tangawizi mlangoni. "Dhahabu ya tatu? Dhahabu ni ya kwanza kila mahali."

"Sokoni. Umeme hauendi sokoni. Dhahabu wanaipenda kwa sababu haichakai wala haibadiliki rangi. Kwa kupitisha, fedha iko mbele, shaba inaifuata karibu sana."

"Karibu sana! Umesema mwenyewe." Aliweka kikombe chini. "Basi weka shaba. Karibu ni jirani. Itafanya kazi Jumamosi, itafanya kazi Jumamosi nyingine, Darius atakwenda zake. Ikifa baadaye, ni umeme wa nchi hii. Nani atajua?"

"Shaba itajua," Fadhila alisema. "Umeme wa Ruziba ni dhaifu. Ukishuka, kontakteri inatetemeka, inapiga cheche. Shaba itaanza kuungua siku ya kwanza. Siku moja vidonge vitashikana kabisa, mama atabonyeza kitufe cha kuzima na mashini itakataa kuzima, na mkono wa mtu uko karibu na mkanda."

Shakuru alinyanyua mabega. Mkono wa mtu asiyemjua ni kitu cha mbali.

Kesho yake, Alhamisi, Fadhila alikwenda kwa Mzee Idi, sonara, aliyekuwa na kibanda cha vioo nyuma ya msikiti. Njiani alimpitia muuza juisi akaomba vipande vya barafu katika kikombe. Mzee Idi alimwona na barafu yake, akacheka kabla ya salamu.

"Binti Radjabu! Umekuja kununua au kunifungia duka?"

"Natafuta fedha, Mzee Idi. Ya kweli."

"Hapa kila kitu ni cha kweli. Ni kweli gani unataka?" Akamwekea mbele bangili pana, inang'aa kama kioo kilichofutwa. "Fedha ya Dubai. Mabibi harusi wa Kinanira wanazililia."

Fadhila aliishika bangili mkononi, akaweka kipande cha barafu juu yake. Metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri. Hivi viwili hutembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Walisubiri. Barafu ilikaa pale imestarehe, inatokwa jasho taratibu, haina haraka na mtu.

Kisha akaweka kipande kingine juu ya bangili yake mwenyewe. Baridi ilimuuma mfupa papo hapo, na barafu ikaanza kuzama ndani ya metali kana kwamba fedha ilikuwa inaila. Maji yalishuka kiwiko hadi sakafuni.

Mzee Idi alikunja miwani. "Mwanangu, mabibi harusi hawavai barafu."

"Hii yako ni shaba na zinki na nikeli. Fedha hamna hata chembe."

"Jina lake ni fedha ya kizungu. Sikusema ni fedha ya fedha." Halafu alicheka kidogo tu, na uso wake ukazeeka. "Ya kweli haiji tena. Waliokuwa nayo waliiuza miaka ya vita, kiganja kwa kiganja, wapate unga. Mimi mwenyewe niliyeyusha za dada zangu. Fedha ya kweli ninayoijua Buyenzi nzima iko mkononi mwako, na hiyo hutaiuza. Nilimwona bibi yako anaivaa mimi nikiwa mtoto."

"Sitaiuza," Fadhila alisema.

Mzee Idi alimtazama, akaelewa, akatikisa kichwa. Hata hivyo alifungua droo akampa msumeno mwembamba kama uzi, mfuko wa unga wa kuunganishia, na bomba lake la kupulizia moto. "Fedha inakimbiza joto," alimwonya. "Utaweka moto hapa, itaupeleka kule. Usiogope moto mkubwa, ogopa moto wa muda mrefu."

*

Nyumbani, Bibi Saliha alikuwa uani, ungo magotini, akichambua maharage. Fadhila alikaa mbele yake akaeleza yote, Mwavita na Darius na kengele na msasa. Bibi alisikiliza bila kuinua macho.

Bangili zile zilitoka kwa mama yake Bibi, aliyezaliwa Ujiji. Baba yake alimyeyushia rupia za Wadachi, fedha yenye shaba kidogo ndani ya kuipa ugumu, akamfulia jozi. Katika ukoo wao, msichana anayeolewa hutoka nyumbani amefunikwa uso, na watu wote hunyamaza. Hakuna ngoma wala kigelegele. Anapiga hatua moja, bangili zinagongana, na wazee waliokaa mlangoni wanajibu: "Tumemusikia." Ndipo vigelegele vinapasuka. Bibi alitoka hivyo. Mama yake Fadhila alitoka hivyo, kabla homa haijamchukua.

"Mi sikukupa fedha," Bibi alisema hatimaye. "Fedha ni kitu cha Idi. Mi nilikupa mlio."

"Najua, Bibi."

"Mwanamke mwenyewe nani? Ni ndugu yetu? Ni jirani? Anaswali?"

"Anasali kwa Yesu, Bibi. Anatafuta unga."

Bibi alitupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage, likagonga ukuta. "Shakuru anasema kuna shaba."

"Niliahidi hakuna metali ya uongo."

"Uliahidi! Mdomo wa Radjabu huo. Naye alikuwa akiahidi watu kabla hajaangalia mfukoni. Kaburini amekwenda na madeni ya nani? Hana deni la mtu. Lakini viatu aliacha jozi moja." Alirudi kwenye ungo wake. "Niondokee. Unanizibia mwanga."

Fadhila aliondoka. Alijua bangili zilikuwa zake, zilikuwa mkononi mwake tangu alipomaliza shule. Hakuna ambaye angemzuia. Lakini kuna vitu ambavyo ni vyako na bado si vyako peke yako, na yeye hakutaka kuanza kazi ya baba yake kwa kumliza mama wa mama yake.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, alifungua karakana. Mezani, katikati ya koleo na nyundo, palikuwa na kisahani cha chai, na juu ya kisahani kipande cha sabuni kilicholoweshwa.

Bangili za ukoo ule hazikutoka mkononi bila sabuni. Hilo walilijua watu wawili tu, yeye na Bibi.

Alipaka sabuni, akavuta. Ya kwanza ilipita kwenye kifundo kwa shida, ikaacha mstari mweupe. Aliibana kwenye jiliwa. Hakuwa amesema bismillahi kwa sauti kubwa hivyo tangu mtihani wake wa mwisho. Msumeno ulipoingia, fedha ilikuwa laini, ilikubali, na unga wake ulianguka kwenye karatasi ukang'aa kama magamba ya samaki.

Kazi ilimwelemea mwanzoni. Alisahau onyo la Mzee Idi, akapuliza moto taratibu kwa huruma. Fedha ikalipeleka joto mbali, shaba ya chini ikageuka nyeusi, kidonge kikakataa kushika. Alisafisha, akaanza upya, safari hii kwa moto mkali na mfupi. Unga ukayeyuka kama sukari, kidonge kikatetemeka, kikakaa. Kilipopoa, akakigonga kwa nyundo ndogo kukipa uvimbe. Kikatoa mlio mzuri. Akafanya kingine, na kingine.

Shakuru aliingia jua likianza kulala upande wa ziwa. Alikuta bangili ya kwanza imekwisha. Njia mbili za kontakteri zilikuwa tayari, nyeupe, zimepangika kama meno ya mtoto. Ya tatu ilikuwa tupu. Fadhila alikuwa amekaa, bangili iliyobaki mkononi, haisogezi.

Shakuru alivuta kigoda. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa anacheka.

"Sikiliza, mutoto wa kaka. Umeshinda. Nimeona. Njia mbili za fedha, ile ya tatu weka shaba. Hata gari inatembea na tairi moja bovu. Hiyo moja ubaki nayo, Bibi akuone nayo. Hakuna mtu Ruziba atakayefungua ahesabu."

Haya hayakuwa maneno ya mjinga, na ndiyo maana yalimuuma. Mkono wake ulikuwa mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine. Alifikiria mlango wa nyumba yao, watu wamenyamaza, hatua moja. Aliutikisa mkono.

Kimya. Bangili moja haina wa kugongana naye.

"Njia ya shaba itaungua peke yake," alisema. "Mota itabaki na njia mbili, itanguruma bila kuzunguka, itaungua na yenyewe. Mama Mwavita atakuja tena na beseni kubwa zaidi." Alichukua kisahani cha sabuni. "Na hii moja ni bubu tayari, baba mudogo. Inakaa mkononi kufanya nini?"

"Kukumbusha."

"Nitakumbuka."

Akaivua. Shakuru alisimama, akatoka, na Fadhila alimsikia nje akiiegemeza ngazi ukutani, halafu akiiondoa tena. Hakujua alikuwa anafungua skrubu za kibao au anazikaza.

*

Jumamosi hakukuwa na basi. Kwenye kituo watu walikuwa wamepanga mawe na vikapu kushika nafasi zao, wao wenyewe wakaenda kulala kivulini. Fadhila alilitazama jua, akajitwika beseni, akafuata barabara ya kusini kwa miguu.

Alipopita Kinanira jua lilikuwa changa. Alipolikaribia ziwa, jua lilikuwa linauma. Kontakteri ilikuwa chuma na shaba, na kila hatua ilimsukuma shingo. Mwanamume mmoja wa baiskeli alimpigia kengele: "Dada, samaki bei gani?" "Huyu ana umeme, atakuuma!" alimjibu, akaendelea, miguu inawaka ndani ya kandambili.

Sokoni Ruziba walikuwa wamekwisha kusanyika. Mkubwa wa soko alikuwa amesimama karibu na kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Alikuwa na nondo mkononi. Chuma hupitisha umeme kwa uvivu, lakini kwa kuimba hakina mpinzani, na rimu ile ilisikika hadi majini. Kando yake alisimama Darius, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi, na kufuli mpya bado ndani ya karatasi yake.

Kwenye mlango wa kibanda cha mashini walikuwa wamekaa wanawake. Kila mmoja alikalia gunia lake la muhogo, bega kwa bega, hapakuwa na pa kupitisha hata paka. Mwavita alikuwa katikati.

"Mama, ondokeni kwa heshima," Darius alikuwa akisema.

"Heshima tuliiacha kwa foleni yako," Mwavita alijibu. "Nenda ukaichukue."

Akaliona beseni. Hakusimama, alisogeza tu goti, na wanawake wakasogea kila mmoja kidogo, Fadhila akapita.

Ndani alifanya kazi haraka na kimya. Mwavita mwenyewe aliteremsha swichi kuu, akasimama mbele yake mtu asiiguse. Nyaya tatu za kuingia, tatu za kutoka, na mbili nyembamba za sumaku. Nje mkubwa wa soko alisema kwa sauti kwamba saa ni saa, yeye si mtu wa kungojea mtu. Fadhila alikaza skrubu ya mwisho, akafuta jasho kwenye kope. Swichi kuu ikarudishwa.

"Mama, njoo ubonyeze."

"We ndiye fundi."

"Mashini ni yenu."

Mwavita alibonyeza. Kontakteri ikapiga, tak, kisha ikaanza kutetemeka, tatatata, maana umeme wa asubuhi ulikuwa umepungukiwa na nguvu, kila nyumba ikichemsha chai. Cheche za buluu ziliruka ndani ya tundu. Darius alicheka mlangoni. "Si niliwaambia? Fundi wa sketi."

Fadhila hakumtazama. Alitazama tundu. Cheche ziliruka, vidonge vikapigana, vikaachana, vikapigana, na hakuna kilichonata. Halafu sumaku ikapata nguvu yake. Tak. Ikashika. Mota ikaguna, mkanda ukajivuta, jiwe likaanza kuzunguka, kwanza kwa kulalamika, kisha kwa sauti moja nene iliyojaza kibanda ikamwagika nje, ikapita juu ya wanawake na magunia yao, ikafika kwenye samaki na nyanya na mbuzi waliofungwa.

Mkubwa wa soko aliinua nondo akagonga kengele. Fadhila aliona mkono wake ukipanda na kushuka, akaiona rimu ikiyumba. Sauti yake hakuna aliyeisikia.

Darius alisimama kidogo, akairudisha kufuli mfukoni, akapotea katikati ya watu.

Waliposaga magunia ya kwanza, Fadhila aliomba wazime mara moja aangalie, na swichi kuu ikashushwa tena. Mwavita alichungulia juu ya bega lake. Vidonge vilikwisha badilika; vyeupe vya jana vilikuwa na kivuli cheusi usoni. Mkono wa Mwavita ulienda wenyewe kwenye rafu, kulipokuwa na kile kipande cha msasa, na Fadhila akaushika.

"Muache hivyo. Ni kazi imemchafua. Haimzuii."

Mwavita aliutazama ule mkono uliomshika. Aliugeuza, akaona mistari miwili myeupe kwenye kifundo, mahali ambapo jua halikuwa limefika kwa miaka. Aliangalia ndani ya kontakteri. Aliangalia tena mkono.

"Mutoto," alisema. "Ile siku nilikusikia mbele ya kukuona."

"Leo pia umenisikia, mama. Soko nzima imenisikia."

Mwavita alichukua msasa rafuni, akautupa nje ya dirisha, mbali, kwenye majani. Kisha swichi ikarudishwa na kitufe kikabonyezwa, maana nje foleni ilikuwa imekwisha fika barabarani, na mbele kabisa alisimama bibi mmoja wa Ruziba, si wa Congo, aliyechoka kusaga kwa Darius.

Fadhila aliokota beseni. Alilipangusa masizi kwa kitenge, akakikunja kitenge vizuri, akakiweka ndani, akalibeba hadi kwenye kizingiti na kuliweka pale mlangoni, kama alivyoahidi.